Keni iliyorudi mara tatu: kisa cha nyumba moja ya wafugaji wakati wa masika

Simu iliingia Alhamisi jioni, katikati ya Aprili. Huko kwake mvua ilikuwa inapiga bati, na sauti ya mzee ilikuja na kupotea. Nilichokidaka ni kwamba keni yake ya maziwa imerudishwa kutoka kituo cha kukusanyia maziwa mara ya tatu ndani ya siku saba. "Njoo unipimie hawa ng'ombe, bwana mifugo. Na ukikuta ng'ombe hawana kosa, basi humu ndani kuna mtu anatia maji."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonipandisha mlimani kesho yake. Ng'ombe ambaye maziwa yake yamekataliwa anaweza kusubiri hadi Jumatatu. Nyumba ambayo baba amekwisha kutamka neno "maji" mbele ya mkewe na watoto haiwezi kusubiri.

Nimebadilisha mambo machache ili wenyewe wasitambulike. Mfuatano wa siku na vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa, maana kisa chote kimo humo.

Nyumba yenyewe

Ni kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, cha ekari moja na kidogo, kata ya juu wilayani Hai, mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Migomba imesimama juu, kahawa chache zilizozeeka chini yake, mfongo, yaani mfereji wa maji wa asili, unapita nyuma ya jiko, na banda limebanwa kati ya jiko na kibanda cha bibi. Huku juu hakuna malisho ya kuachia mifugo. Kila jani linalofika kwenye hori limekatwa na mtu na kubebwa na mtu, mara nyingi kichwani mwa mwanamke.

Ng'ombe ni watatu, chotara wa Friesian. Madoa ni ng'ombe mkubwa aliyezaa mara tano, na wakati huo alikuwa kwenye mwezi wa nane wa kukamuliwa, maziwa yameshapungua: lita 5 asubuhi, lita 3 jioni. Kidosho alikuwa ndiyo kwanza amezaa. Wa tatu ni mtamba ambaye hajapewa jina, kwa kuwa nyumba hiyo haimpi ng'ombe jina mpaka azae.

Watu ni sita. Mzee, aliyepita miaka hamsini kidogo. Mkewe. Bibi, mama yake mzee. Kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne na sasa anaendesha bodaboda ya mtu kwa siku anazopewa. Binti wa kidato cha pili, na mdogo wao wa darasa la tatu, ambaye husikia kila kitu na hakuna anayemuuliza lolote.

Asiyeijua masika ya mlimani atadhani ni msimu wa raha kwa mfugaji: majani yamejaa, maji yamejaa, maziwa yanapanda. Ni kweli yanapanda. Lakini Aprili hiyohiyo ndiyo palizi ya kwanza ya mahindi kwenye shamba la chini, tambarare, na hapo kwao ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwenda. Mama huondoka alfajiri na kurudi alasiri akiwa na mzigo wa majani mgongoni na tope magotini. Kazi ya nyumba ambayo miezi mingine hufanywa na mikono iliyoizoea, masika hufanywa na yeyote aliyebaki.

Na mwaka huo bibi naye hakuwapo. Mjukuu wake mkubwa, aliyeolewa Moshi, alijifungua wiki hiyohiyo Kidosho alipozaa. Kwa desturi mama mzazi ndiye angekwenda kumtunza, kumpikia mtori na kumkanda. Palizi ikamzuia, akaenda bibi.

Waliyoniambia

Nilifika Ijumaa mchana. Nikakaribishwa chai na ndizi za kuchoma, na mzee akaanza kabla sijamaliza kikombe. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yamepangwa, kama mtu aliyekwisha kuyarudia kichwani usiku kucha. Kidosho kazaa vizuri, maziwa yamezidi mara mbili. Yeye akatoa agizo kwamba maziwa yote, ya asubuhi na ya jioni, yaende kituoni, maana mwisho wa mwezi kuna ada ya shule. Mama hakulipenda agizo hilo. Siku iliyofuata keni ikarudi. Kesho yake ikarudi tena. "Wewe ni mtu wa kusoma. Jumlisha mwenyewe."

Nikamuuliza ile ya kwanza, ya Ijumaa iliyopita, ambayo ilirudi kabla ya agizo lake. Akasema ile ilikuwa bahati mbaya.

Nilianza kushuku hesabu yake hapo. Mtu akikuletea matukio matatu na nadharia inayoeleza mawili tu, lile la tatu lililotupwa pembeni ndilo la kuanza nalo.

Mama nilimfuata jikoni. Hakusimama, alikuwa anamenya ndizi, na alizungumza akiitazama kazi yake. "Dokta, mimi nimekamua ng'ombe wa nyumba hii miaka ishirini na mbili. Maziwa ya jioni ni yangu tangu alipokuwa hai baba mkwe. Chumvi, sabuni, daftari la mtoto, vyote vinatoka humo. Nikitaka kumwibia mzee, ningeiba kwa maji?" Kisha akanieleza jambo ambalo mzee hakulijua, au hakuona kama lina uzito. Wateja wake wawili wa jioni, nyumba ya walimu na mgahawa wa njiapanda, walikuwa wanachukua lita moja moja. Jumanne wote wawili walimwambia asilete tena. Masika kila banda lina maziwa, na kuna waliokuwa wanawauzia kwa bei ya chini. Kwa hiyo agizo la mzee lilimkuta akiwa na lita za jioni asizojua pa kuzipeleka, na akalitii bila ubishi mkubwa. Alichokuwa amenuna nacho hakikuwa lile agizo.

Kijana alisema yeye hakamui, hajui kitu. Binti alisema yuko shule. Mdogo wao, akiwa mlangoni na kipande cha muwa, akasema: "Kaka alikamua siku ya jaribio la dada." Kijana akamtazama kwa jicho ambalo ningelitambua hata gizani.

Daftari mbili

Nikashuka hadi kituoni nikaomba kuona kumbukumbu za namba ya mzee. Mhudumu hakuwa na kosa lolote katika kisa hiki, niseme mapema. Alipima na akaandika, na alichoandika ndicho kilichoiokoa nyumba ile.

Vituo vyetu hupima vitu viwili kabla ya kumimina keni ya mtu kwenye tangi. Kwanza laktomita, kile kichupa kirefu kinachoelea kwenye maziwa na kuonyesha uzito wake. Maziwa mazima husoma kati ya 26 na 32, na kila asilimia 10 ya maji yanayoongezwa hushusha kipimo kwa takriban alama 3. Pili ni spiriti: maziwa kidogo yanachanganywa na spiriti kiasi kilekile, yanatikiswa, na yakiganda vidonge yanarudi nyumbani. Kipimo hiki cha pili hakitafuti maji hata kidogo. Kinatafuta maziwa yaliyoanza kuchacha, dang'a (maziwa ya siku za kwanza baada ya ng'ombe kuzaa), maziwa ya kiwele kigonjwa, na mara nyingine ya ng'ombe mwenye upungufu mkubwa wa lishe au madini.

Kawaida ya nyumba ile ilikuwa 29 au 30. Ijumaa ya kwanza ilisomeka 32. Jumatano 30. Alhamisi 29. Mbele ya siku zote tatu limeandikwa neno moja: spiriti.

Nilikaa na karatasi ile nikaipiga hesabu nje, chini ya kibaraza, mvua ikinyesha. Nyumba ilikuwa inapeleka lita 12, na baada ya agizo zikawa 18. Kama zile lita 6 zilizoongezeka zingekuwa maji, theluthi moja ya keni ingekuwa maji, na laktomita ingeshuka hadi karibu 20. Ilisoma 30. Na Ijumaa ile ya kwanza kipimo kilipanda. Maji hayapandishi.

Sasa mzee aliyapata wapi maji? Kwa mtu wa bodaboda anayekusanya keni za kijiji, si kijana wake. Yule hurudisha keni na maneno mawili: "Yamekataa kipimo." Kwa mtu wa rika la mzee, kijijini, maziwa kukataa kipimo kuna maana moja tu. Neno "spiriti" lilibaki kwenye daftari la kituo, likapotea njiani kilomita tatu kabla ya kufika nyumbani, na nafasi yake ikajazwa na aibu.

Daftari la pili lilikuwa la binti. Nyuma ya daftari lake la hesabu huandika lita za kila asubuhi zinazoondoka na keni. Hakuna aliyemtuma, anasema anapenda tu kuona namba. Kuanzia asubuhi ya kwanza baada ya Kidosho kuzaa, safu yake ilikuwa hivi:

5, 5, 11, 5, 5, 12, 12, 18, 18.

Ile 11 iliandikwa kwa mwandiko mwingine.

Kidosho alizaa Jumanne usiku. Bibi akakesha naye, akahakikisha ndama ananyonya dang'a kabla hakujapambazuka, kama inavyotakiwa, maana ndama huzaliwa bila kinga mwilini, huipata kwenye dang'a, na uwezo wa utumbo wake kuipokea hupungua kila saa inayopita. Alhamisi asubuhi bibi akaondoka kwenda Moshi, na mlangoni akamwambia mama: ya huyu msipeleke mpaka Jumatatu. Mama akamwambia binti. Binti akashika. Ijumaa binti alikuwa na jaribio, akaondoka kabla ya saa kumi na mbili, mama yuko njiani kwenda shamba la chini, na mzee akamwambia kijana akamue. Kijana akawakamua wote wawili, akaona ya Kidosho yameshakuwa meupe, si manjano tena kama juzi, akamimina yote kwenye keni moja. Lita 11. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote, na hakuna aliyemuuliza baadaye, kwa hiyo alipoona keni imerudi akanyamaza.

Hiyo ndiyo 32 ya kituoni. Dang'a ni nzito kuliko maziwa, na hata siku ya tatu, rangi ikiwa imeshatulia, bado ina protini za kutosha kuganda kwenye spiriti. Jumamosi binti akarudi bandani, zikarudi lita 5, kituo kikapokea. Jumatatu, kama bibi alivyoagiza, ya Kidosho yakaingia: 12, yakapokelewa. Jumanne 12, yakapokelewa. Jumatano 18.

Kwa hiyo hapakuwa na tatizo moja lililojirudia mara tatu. Yalikuwa mawili, hayana undugu, yamekutana wiki moja. Hapa mimi mwenyewe ningeteleza kama ningepanda na sindano kwanza. Ningemkuta ng'ombe aliyezaa karibuni na maziwa yanayoganda, ningesema ni kiwele, ningemchoma dawa, maziwa yangemwagwa siku kadhaa kusubiri dawa itoke, na baada ya hapo yangerudi tena kituoni kwa sababu ileile.

Alfajiri ya Jumamosi

Nililala kwa jamaa yangu jirani na jioni ile ya Ijumaa nikaomba jambo moja. Maziwa ya jioni yagawanywe. Nusu wayaweke kama wanavyoweka siku zote. Nusu nyingine nikayatia kwenye sufuria yenye mfuniko, niliyoisuuza kwa maji yanayochemka, nikaizamisha hadi shingoni kwenye beseni la maji ya mfongo. Maji yale yanatoka juu msituni, na usiku wa Aprili ukiyashika mkono unakufa ganzi. Mama aliyabadilisha mara moja kabla ya kulala.

Saa kumi na moja kasoro nilikuwa bandani na tochi. Binti alikamua, mikono yake myepesi, Madoa akicheua bila habari. Maziwa ya Madoa, spiriti: safi. Ya Kidosho: safi. Nusu ya jioni iliyolala kwenye beseni: safi. Nusu iliyolala "kama siku zote": vidonge, kama uji ulioshindwa kukorogeka. Nikayachemsha kidogo kwenye kikombe, yakakatika.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu na koti la mvua. Akayanusa. "Hayanuki."

Hayakuwa yananuka, na hapo ndipo wengi hushindwa kuamini. Uchachu unaotosha kugandisha maziwa kwenye spiriti huja kabla pua haijashtuka. Ukisubiri harufu umechelewa.

"Kama siku zote" ilikuwa na maana gani? Nikaomba nionyeshwe. Maziwa ya jioni yalikuwa yanawekwa kwenye dumu la plastiki la lita 10, lililowahi kuwa na mafuta ya kula, shingo nyembamba, mkono hauingii. Linasuuzwa kwa mchanga na maji, linatikiswa, basi. Ukilikata utaona. Kisha dumu linalala jikoni, karibu na mafiga, kwa sababu huko ndiko paka hafiki na mvua haivuji. Jiko la kichaga wakati wa masika halizimwi kabisa, kaa hufukiwa majivuni. Kwa hiyo maziwa ya saa kumi na moja jioni yalikuwa yanakaa kwenye joto, ndani ya chombo kichafu kisichoweza kusafishwa, saa kumi na nne, kisha yanamiminwa juu ya maziwa mabichi ya asubuhi. Jumatano na Alhamisi njia ilikuwa tope tupu, na yule mkusanya keni alichelewa saa mbili. Hizo zikamalizia kazi.

Dumu hilo limetumika miaka. Halikuwahi kumdhuru mtu. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa linabeba lita mbili za wateja, zilizokuwa zinakwenda jioni ileile, zingali na joto la kiwele. Maziwa ya jioni ya nyumba ile hayakuwahi kulala. Siku yalipolala kwa mara ya kwanza, yalilala kwa mafungu ya lita sita.

Nililikuta na jingine, nalitaja kwa sababu nililiona. Robo moja ya kiwele cha Madoa, ya nyuma kulia, iliitikia kidogo kwenye kipimo cha ugonjwa wa kiwele. Si kubwa, wala si hiyo iliyorudisha keni, maana maziwa yake yalipita spiriti. Lakini sakafu ya banda ilikuwa imegeuka uji wa samadi, na ng'ombe analala humo. Tuliondoa samadi, tukatandika maganda ya migomba yaliyokauka na taka za mbao, nikamwagiza binti aanze na chuchu nzuri na kumalizia na ile, na akamue michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi aitazame. Vilevile majani: ng'ombe walikuwa wanapewa mabingobingo, yale majani marefu ya kukatia mifugo, machanga na yanachuruzika maji. Ukiyaanika chini ya bati tangu asubuhi hadi jioni yakanyauka, ng'ombe anakula chakula badala ya kujaza tumbo maji, na samadi inaacha kuwa supu.

Namba ni ya nani

Maelezo haya ya spiriti na dumu yangetosha kuandika ripoti, na ripoti niliyopeleka wilayani inaishia hapo. Lakini lile neno "maji" halikutokana na dumu.

Wachaga wa rika la mzee walikulia kwenye mgawanyo unaojulikana. Kahawa ni ya baba. Ndizi na maziwa ni ya mama. Baba yake mzee aliuza kahawa kupitia chama cha msingi, chini ya KNCU, ushirika ulioundwa mwaka 1933 kutokana na chama cha wakulima kilichoanza 1925. Fedha ya kahawa ilikuja kwa jina la mwanamume, kwa mkupuo, ikajenga nyumba na kusomesha. Maziwa yalikuja kikombe kwa kikombe, jioni, bila risiti. Hakuna mwanamume aliyejisumbua kuyahesabu.

Kisha chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na bei, na uzee wa mibuni yenyewe vikaipunguza kahawa hadi ikawa kumbukumbu zaidi kuliko mapato. Kituo cha maziwa kilipokuja na daftari, namba ya mwanachama na malipo ya mwezi, kilikuja kwa umbo lilelile la kahawa, na mzee akaandikisha jina lake bila hata kulifikiria. Nani mwingine angeandikisha? Maziwa ya asubuhi yakahama hivyo, kimyakimya. Ya jioni yakabaki ya mama, na nyumba ikakaa kwa amani kwa sababu yalikuwa lita tatu tu na hayakustahili ugomvi.

Masika hiyo yakawa lita saba baada ya ndama kunywa. Saba zilistahili ugomvi.

Na hizo saba nilizileta mimi. Januari nilikaa kwenye kibaraza kilekile nikawaeleza namna ya kumkausha Kidosho, yaani kuacha kumkamua, siku 60 kabla ya kuzaa, kumwongezea pumba na mashudu ya alizeti wiki za mwisho, kumwekea jiwe la madini. Walifanya yote. Kidosho akatoka lita 15 kwa siku, na mimi nikaandika mafanikio. Sikuuliza hata mara moja: jioni zitakwenda wapi, kwenye chombo gani, na fedha zake atashika nani? Sisi watu wa ugani tunapimwa kwa lita, basi tunahesabu lita. Ng'ombe akiongeza maziwa, nyumba inalazimika kujipanga upya, na hilo tunaliita "masuala ya kifamilia" tukafunga begi.

Nilimweleza mzee hesabu ya laktomita mbele ya mama, kwa makusudi, kwa kuwa neno lilitamkwa mbele ya watu. Theluthi ya maji, alama 10, ingesomeka 20, imesoma 30. Nikarudia. Hakujibu. Akamuuliza binti kama hesabu hiyo ni kweli. Binti akachukua kalamu, akaipiga, akasema ni kweli, baba.

Hakuomba radhi kwa maneno, na sikutegemea. Aliinuka, akalichukua lile dumu jikoni, akaenda nalo nyuma ya banda. Baadaye nililiona limekatwa katikati kwa panga, nusu ya chini kuku wanakunywea maji. Mama naye aliliona. Alisema tu kwamba sasa ananunuliwa keni ya alumini, na akalisema kama jambo lililokwisha kuamuliwa, mzee akiwapo, naye hakupinga.

Walichokubaliana siku ile ni hiki. Asubuhi kituoni. Jioni kwa mama kama zamani, ila badala ya kuwinda wateja wa maziwa mabichi wakati kila mtu anayo, agandishe maziwa ya mgando auze siku za soko, maana mgando husubiri mteja na maziwa mabichi hayasubiri. Yatakayozidi yalale kwenye maji ya mfongo na yapelekwe kituoni yakiwa kwenye keni yake peke yake, yakikataliwa yasiyaburuze ya asubuhi. Mama akauliza kama keni hiyo ya pili inaweza kuwa na namba ya pili, kwa jina lake. Akasema kule Nronga, Machame, wanawake wana ushirika wao wa maziwa tangu miaka ya 1980, na waume zao hawajafa. Mzee akasema hilo litazungumzwa bibi akirudi.

Wiki mbili baadaye nilipita kumchunguza Madoa, ile robo ikiwa imetulia, na kupanga siku ya chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, kwa ndama. Keni haikuwa imerudi tena hata mara moja. Namba ya pili ilikuwa bado haijaombwa. Bibi alikuwa amerudi jana yake, amekaa juu ya kigoda kwenye mlango wa banda, mkono uko kwenye kitovu cha ndama akikipapasa kama kimekauka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mlikuwa na maneno."

Mdogo wa darasa la tatu alikuwa amekwisha kumsimulia yote, pamoja na yale ambayo hayakutokea. Bibi hajui kusoma. Akamwita binti alete daftari lake amsomee namba, polepole, moja moja. Binti akaanza: tano, tano, kumi na moja.

"Hapo," bibi akasema. "Hapo mmetia dang'a."

Mimi nilitumia siku mbili, laktomita na chupa ya spiriti kufika hapo. Kijana, aliyekuwa anapitisha majani, akageuza uso.

"Endelea."

Tano, tano, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na nane.

Bibi aliinua kichwa, akatazama kule mwanawe alikokuwa ameegemea nguzo. "Na hizo kumi na nane, nani alizitaka?"

Mzee akachukua panga na kamba, akasema anakwenda kukata mabingobingo kabla mvua haijarudi.